Ndege Ndogo Juu ya Kariakoo

Kigezo cha ndege ndogo ndani ya gemu la urubani hujengwa kwa kumbukumbu kabla ya kujengwa kwa kompyuta. Mjenzi anayetaka ndege yake ipae juu ya Kariakoo na kuvuka bahari kwenda Unguja sharti kwanza ajue ni ndege zipi zilizopita njia hiyo, zilikuwa na umbo gani, uzito gani na injini ya nguvu kiasi gani. Dar es Salaam inayo mengi ya kumpa, kwa kuwa historia yake ya ndege ndogo inapita miaka mia moja.

Mwaka 1914 Wajerumani walipanga maonyesho ya koloni lao lote yafanyike Dar es Salaam mwezi Agosti, reli ya kati ikiwa imeshafika Kigoma. Bruno Büchner, aliyepata jina kwa mbio za baiskeli kabla ya kuwa rubani, alileta ndege ya Pfalz kwa meli ili aioneshe kwa wageni. Ilikuwa ya mbao, nguo na waya, mabawa mawili juu na chini, pangaboi likizunguka nyuma ya mgongo wa rubani. Vita vikazuka, maonyesho yakafa kabla ya kuanza, na jeshi likaitwaa ndege. Haikudumu. Mwaka uliofuata ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli zao hadi manowari Königsberg ikaangamizwa ndani ya Rufiji, mwezi Julai 1915. Vita hivyohivyo viliacha jina kwenye ramani ya mji: kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, ikawa Kariakoo vinywani mwa watu, na soko lilipofunguliwa hapo mwaka 1923 jina lilikuwa limeshashika.

Safari za abiria zilikuja na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ambayo katika miaka ya 1930 iliunganisha Nairobi na miji ya pwani. Vita vya pili vikaifunga. Tarehe 1 Januari 1946 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanza kazi kwa ndege za Dragon Rapide za de Havilland, na Rapide inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwili wake ni mbao, ngozi yake ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza mpaka kikawamba kama ngozi ya ngoma. Injini ni mbili, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 200 hivi. Rubani hukaa peke yake puani, na nyuma yake abiria sita hadi wanane. Kati ya bawa la juu na la chini kuna waya nyingi, na kila waya huushika upepo. Mjenzi akizichora kwa ajili ya uzuri tu bila kuuhesabu ukinzani wake, ndege itakimbia kuliko Rapide yoyote iliyowahi kuruka.

Baadaye zilikuja ndege za bati zenye bawa moja. Iliyo maarufu kuliko zote katika Tanganyika ya wakati huo haikuwa ya Dar es Salaam: ni Dornier Do 27 ya Bernhard na Michael Grzimek, iliyopakwa milia ya pundamilia kwa kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Michael alifariki ndani yake Januari 1959, baada ya kugongana na tai. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege Tanzania lilizaliwa, na Twin Otter zenye nembo ya twiga zikafika kwenye viwanja ambako ndege kubwa haziwezi kutua. Leo kazi ya namna hiyo hufanywa zaidi na Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayoondokea jengo la zamani la uwanja wa Julius Nyerere na kufika Unguja kwa dakika 20 hivi. Bawa lake liko juu ya madirisha, magurudumu hayakunjwi, na chini ya tumbo mara nyingi kuna kasha refu la mizigo.

Kuigiza urubani nako kuna umri mkubwa. Mwaka 1929 Edwin Link, mtoto wa mtengeneza vinanda huko Marekani, alitumia mivukuto ya vinanda, ndugu wa mivukuto ya wahunzi wetu, kukiyumbisha kiti cha mwanafunzi wa urubani. Bruce Artwick aliihamishia kazi hiyo kwenye kompyuta za nyumbani, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa gemu lake ambalo ndege yake ilikuwa Cessna. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa kujitolea walianzisha FlightGear, ambayo ni ya bure na ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua ndani na kuongeza ndege yake. Toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilikuja na Caravan ikiwa tayari.

Umbo huchongwa kwa programu kama Blender, kwa kufuata michoro ya ubavuni, juu na mbele. Hapo mjenzi anafanya kazi ambayo watoto wa Dar es Salaam wameifanya kwa waya, makopo na soli za kandambili tangu zamani: kutazama chombo cha kweli na kukirudia kwa kipimo cha mkono wake. Tofauti ni kwamba ndege ya kopo haidaiwi kuruka. Ya kompyuta hudaiwa, na kuruka kwake kumo katika faili la maandishi lenye tarakimu za uzito, eneo la bawa, nguvu ya injini na mahali uzito unapoegemea. Kitovu cha uzito kikisogezwa nyuma mno, pua huinuka yenyewe na rubani hupambana na usukani mpaka bawa liishiwe nguvu. Gurudumu likiandikwa chini sana, ndege huruka kama chura mara tu gemu linapofunguka. Likiandikwa juu sana, huzama ndani ya lami.

Baada ya ndege huja ardhi. Njia ya 05 ya uwanja wa Dar es Salaam huelekea kaskazini mashariki, na anayeruka kwa njia hiyo bila kukata kona huikuta Kariakoo mbele yake, kama kilomita 10 hivi, kabla ya kugeuka kushoto kwenda Unguja. Gemu la kisasa hukisia majengo kutokana na picha za setilaiti, lakini kukisia hakuwezi kutoa miavuli ya zege ya soko alilobuni Beda Amuli, lililofunguliwa Desemba 1975. Hilo huchongwa kwa mkono, na kwa kuchagua mwaka. Chini ya Rapide panafaa soko la kale lililoanza na banda lililoachwa na Wajerumani. Twin Otter ya twiga inapita juu ya miavuli ingali mipya. Anayerusha Caravan akiuweka mchezo wake baada ya moto wa Julai 2021 hana budi kulijenga soko kama moto ulivyoliacha, au kama lilivyokarabatiwa.