Pedali ya kinanda na vita vya milisekunde

Leo tuache kidogo habari za simu. Tuzungumze kuhusu pedali ya mguu wa kulia, ile ya kufanya noti ziendelee kulia, na jinsi programu za muziki zilivyohangaika nayo.

Huku kwetu Kitengela, kuna kwaya isiyo na mpiga kinanda. Huweka faili ya MIDI kwenye laptopu na kuimba. Niliwasikia kwenye harusi kule Kajiado mjini: kodi (si ile ya KRA!) ya pili ikalia juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya zote, uji mtupu. Waimbaji wa besi wakapotea. Watu wakalaumu spika, maskini.

MIDI ilitoka 1983, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani wakiwa mstari wa mbele. Pedali ikapewa namba 64: thamani 0 hadi 63 imeachwa, 64 hadi 127 imekanyagwa. Waya ulipitisha biti 31,250 kwa sekunde, hivyo ujumbe wa baiti 3 ulichukua karibu milisekunde 1. Kila mmoja ulisubiri zamu yake, kama matatu kwenye foleni ya Namanga Road.

Mwaka 1988 zikaja faili za MIDI, na foleni ikavunjika. Sasa mambo kumi yaweza kuandikwa wakati uleule mmoja, na yakiwa kwenye traki tofauti ni programu inayoamua lipi litangulie. Tuseme pedali inaachwa, inakanyagwa tena, na kodi ya zamani inaachwa, yote kwa pigo moja. Programu ikimaliza mambo ya pedali kwanza, noti za zamani zinapoachwa hukuta pedali iko chini, nazo huendelea kulia. Mpiga piano mzoefu hukanyaga baadaye kidogo, mguu wake unajua.

Saa ya kompyuta nayo ilichangia. Linux kwenye PC ilihesabu hatua za milisekunde 10, hadi toleo 2.6 la Desemba 2003 lilipozishusha kuwa 1. FluidSynth hutengeneza sauti kwa mafungu ya sampuli 64, kama milisekunde 1.5. Hapo hakuna sikio litakalolalamika. Ubaya ni programu inayochungulia pedali mara moja tu kwa kila fungu: mguu ukipanda na kushuka katikati, haioni kitu.

Faili ya ile kwaya niliifungua. Pedali ilikuwa na traki yake, kila kukanyagwa juu ya pigo kabisa. Nikasogeza kukanyaga peke yake mbele kwa tiki 30 kati ya 480 za kila pigo. Kwa mapigo 60 kwa dakika, hizo ni milisekunde 62 hivi, na besi wakapata sauti yao.