Hema la Maruge Halimo Kwenye Muvi

Wiki hiyo nilikuwa nimejipa kazi moja tu: kuangalia muvi za huku kwetu. Si za Nairobi, hizo nimeshiba. Nilitaka za Bonde la Ufa, zile mtu wa Nakuru anaweza kuangalia akasema, hapo napajua. Kazi za kuandika zilikuwa zimekauka, mteja mmoja alikuwa ananizungusha na pesa yangu, na tokeni za stima zilikuwa bado zipo. Kwa hivyo wakati nilikuwa nao.

Nilianza na White Mischief ya 1987. Ni hadithi ya Lord Erroll, aliyeuawa kwa risasi karibu na Nairobi tarehe 24 Januari 1941, na lile kundi la wazungu wa Happy Valley waliokuwa wakiponda raha huku dunia ikipigana vita. Erroll alikuwa na jumba kando ya Ziwa Naivasha lililoitwa Djinn Palace. Muvi ni nzuri kwa macho, sitadanganya. Lakini nyuma ya kila mzungu kuna mtu mweusi amebeba trei. Anaingia, anamimina, anatoka. Ya wazungu tunaonyeshwa yote, nani amelala na nani, nani amelia, risasi imetoka wapi. Wale wa trei hata sikujua walikuwa wakienda kulala wapi.

Ndio maana ya pili niliichagua kwa makusudi. Nilitaka muvi ambayo mwenye trei ndiye mwenye hadithi. Nikaweka The First Grader ya 2010.

Siku hiyo shosho alikuwa kwangu Free Area. Huwa anashuka kutoka Subukia kwa ajili ya kliniki ya presha, na foleni ikiwa ndefu analala hadi kesho yake. Mimi nimepewa jina la babu, mume wake, kwa hivyo akiwa na furaha ananiita "mzee wangu". Nilimwekea kiti mbele ya kompyuta, nikamwambia ni muvi ya yule mzee aliyeenda shule.

"Maruge?" akauliza. "Huyo namjua."

Nilidhani anamaanisha anamjua vile sisi sote tunamjua.

Kama ulikuwa mdogo au umesahau, hadithi ni hii. Januari 2003 serikali mpya ya Kibaki ilitangaza elimu ya bure katika shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja walimiminika madarasani, wengine wakikaa chini kwa sababu madawati hayakutosha. Mwaka uliofuata, Januari 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alienda Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo kule Eldoret akataka darasa la kwanza. Alikuwa na miaka 84. Aliingia na kaptura na soksi ndefu kama mwanafunzi mwingine yeyote, na Guinness wakamwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi. Aliwaambia wanahabari kwamba anataka kujisomea Biblia mwenyewe, na kwamba siku wapiganaji wa Mau Mau watakapolipwa fidia, anataka kuhesabu zake bila kusaidiwa.

Kwenye muvi, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick, Maruge ameigizwa na Oliver Litondo, na mwalimu mkuu Jane Obinchu ameigizwa na Naomie Harris. Maruge ana barua kutoka serikalini, na hataki isomwe na mtu mwingine. Wazazi wanamkataa, wakubwa wa elimu wanamkataa, na usiku anarudiwa na kumbukumbu za mateso ya kambini.

Shosho alicheka sana pale kwenye kaptura. Halafu akasema, "Huyu mzee anaongea Kizungu kama mtu wa redio." Hakukosea. Litondo alikuwa mtangazaji kabla ya kuwa mwigizaji.

Mimi sikucheka. Wacha niseme ukweli kwa sababu tayari nimeanza. Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo iliisha, nikaomba kuahirisha muhula mmoja, muhula ukazaa mwingine, na sasa mama akiulizwa na watu kanisani anasema "amepumzika kidogo." Nimepumzika miaka mitatu. Sasa hebu fikiria kukaa karibu na nyanya yako, mnaangalia mzee wa miaka 84 anatembea na fimbo kwenda kutafuta kile kitu wewe ulikiacha juu ya meza. Nilikuwa naangalia kibodi zaidi ya skrini.

Muvi ikaisha. Muziki ukapanda, maandishi yakaanza kupita. Shosho hakuinuka.

"Imeisha?"

"Imeisha, shosho."

"Na hema?"

"Hema gani?"

"Maruge alilala kwa hema. Tulisikia kwa redio. Halafu akafa, wakamleta huku kwetu Subukia wakamzika. Hawakuonyesha hema?"

Hawakuonyesha. Usiku huo nilinunua bando nikasoma, na nyanya yangu asiyejua kusoma alikuwa sahihi kuliko mimi niliyefika chuo. Septemba 2005 Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Kila mtu anaipenda picha hiyo. Lakini mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi kuharibika, mali yake iliibwa na akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani. Kutoka kambini hadi shuleni ilikuwa kama kilomita nne, na aliendelea kwenda darasani. Mwaka huo huo akahamia Nairobi kwenye makao ya wazee, akajiunga na shule nyingine, Marura, kule Kariobangi. Alikufa tarehe 14 Agosti 2009 kwa saratani ya tumbo. Akazikwa Subukia, shambani kwake.

Kwa hivyo mzee ambaye dunia nzima ilimpigia makofi alitoka kwa jukwaa la New York hadi kwa turubai, ndani ya miaka mitatu, katika nchi yake mwenyewe. Muvi imetengenezwa baada ya haya yote kutokea. Inagusa ukabila hapa na pale, ndiyo. Lakini moto wenyewe haumo.

Naelewa kwa nini. Muvi inataka mtazamaji atoke ameinua kichwa, na hema linakishusha. Ukilionyesha, itabidi ueleze kwa nini mzee Mkikuyu alikuwa Eldoret, na kwa nini kuna watu waliona hafai kuwa hapo. Hapo ndipo historia yetu inaanza kuwa nzito.

Maana Mau Mau, kwenye muvi nyingi, ni mambo ya msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya. Hakuna anayekuambia kwamba sehemu ya moto huo uliwashwa huku kwetu. Olenguruone, juu kule kwenye Mau, ni Nakuru hii hii. Mwaka 1941 serikali ya mkoloni ilipeleka huko Wakikuyu waliokuwa wameondolewa sehemu nyingine, kisha ikawawekea masharti ya jinsi ya kuishi na kulima. Walipokataa, walikula kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walifukuzwa, mifugo ikachukuliwa, wengi wakapelekwa Yatta, kwenye ukame. Kiapo hicho kilisambaa kwa maskwota wa mashamba ya wazungu katika Bonde la Ufa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya maskwota hao walipakiwa kwenye magari na treni wakarudishwa Mkoa wa Kati, sehemu ambayo wengine hawakuwahi hata kuiona. Shule huru za Wakikuyu nazo zikafungwa.

Baada ya uhuru watu walirudi Bonde la Ufa, na sasa kwa kununua. Zilikuja kampuni za mashamba kama Ngwataniro, ambapo maskini walichanga kidogo kidogo wakapata ekari. Lakini kuna Wakalenjin na Wamaasai waliosema ardhi hiyo ilikuwa yao kabla ya mzungu kuichukua, na hawakuwa wanaota. Hakuna aliyekaa nao chini kumaliza hayo mazungumzo. Wanasiasa walipata kiberiti, wakakitumia 1992, wakakitumia 1997, na 2007 wakakitumia tena.

Kwa hivyo hema la Maruge si mkosi tu uliomwangukia mzee mmoja. Ni sura ya mwisho ya hadithi ile ile iliyomfikisha kambini ujanani. Ukiikata, unabaki na hadithi tamu ya mzee na penseli.

Kesho yake jioni nikaweka muvi ya tatu, Something Necessary ya 2013, ya Judy Kibinge. Hii haikimbii. Anne ni muuguzi anayezinduka hospitalini baada ya ghasia: mume ameuawa, shamba limechomwa. Anachotaka ni kurudi alijenge tena. Upande wa pili kuna Joseph, kijana aliyekuwa kwenye genge, ambaye hawezi kulala kwa yale waliyofanya. Muvi haikuambii umchukie nani. Inakuweka katikati ya hao wawili, na huko katikati hakuna kiti kizuri.

Dakika kama ishirini zilipita. Shosho akasema, "Zima."

Nikazima.

Hapa inabidi niwaeleze kitu. Mwisho wa Januari 2008 moto ulifika Nakuru. Sisi tulikuwa tunaishi Kaptembwa. Nilikuwa na miaka sita, nimeanza darasa la kwanza mwezi huo huo, sare bado inanuka duka. Nakumbuka godoro kichwani kwa baba. Nakumbuka uwanja wa maonyesho umejaa watu, watu wa kila aina, na mama akinifunga leso mdomoni kwa sababu ya vumbi. Halafu nakumbuka Subukia. Kati ya hapo hakuna kitu. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Kwetu nyumbani hatujawahi kuhesabu chochote. Tunasema "wakati ule", tunaongea juu ya bei ya unga.

Shosho ndiye aliyeongea. Alisema wiki zile nilizokaa kwake nilikuwa namfuata kila asubuhi na kitabu changu cha darasa la kwanza. Nilikuwa nimekibeba kutoka Kaptembwa, kitu pekee nilichobeba. Nilitaka anisomee.

"Nilikuwa nakwambia macho yangu ni mabaya."

"Nakumbuka," nikasema, ingawa sikukumbuka.

"Macho yangu yalikuwa mazuri, mzee wangu."

Alizaliwa kabla ya emajensi, hiyo ndiyo tarehe pekee anayoijua. Wazazi wake walikuwa maskwota. Walipopakiwa kurudishwa kwao yeye alikuwa mgongoni mwa mama, na baadaye kwenye kile kijiji cha kuzungushiwa mtaro kazi ya mtoto wa kike haikuwa kusoma. Ilipokuja elimu ya bure alikuwa nyanya. "Maruge alikuwa na roho ngumu," alisema. "Mimi niliona haya."

Sikujua niseme nini. Kwa miaka mingi nimedhani aibu ya shule katika familia yetu ni yangu peke yangu. Kumbe yake iko hapo tangu zamani, na imesababishwa na vitu vyenye tarehe: 1952, 2008. Sisemi yangu ni sawa na yake. Mimi hakuna aliyenipakia kwenye lori. Lakini nimeanza kushuku kwamba zile muvi zinazokatwa kabla ya hema zinatufundisha kitu kibaya, ati kusoma ni suala la roho tu, ukiwa na moyo wa Maruge utafika. Maruge mwenyewe alikuwa na huo moyo wote, na bado nyumba ilimponyoka. Juni 2009, wiki chache kabla afe, wazee wa Mau Mau walifungua kesi London. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Maruge, aliyejifunza hesabu kwa ajili ya siku hiyo, hakuwepo kuhesabu.

Kama kuna mtu anayesoma hapa na ana kamera, nina ombi. Anzia mahali The First Grader ilipoachia. Mzee wa miaka themanini na kitu anatoka kwenye hema asubuhi, anavuta soksi zake juu, anaanza kilomita nne. Huhitaji hata maneno.

Asubuhi nilimsindikiza shosho stejini. Matatu ya Subukia ilikuwa inajaza polepole. Akatoa kadi ya kliniki kwenye leso akanipa.

"Nisomee. Nirudi lini?"

Nikamsomea tarehe. Akaniambia nirudie, nikarudia huku kidole kikifuata maandishi, naye macho yake yakifuata kidole. Kisha akakunja kadi akairudisha kwenye leso.

"Na wewe," akauliza, "unarudi lini?"

Makanga akapiga bodi ya gari, mlango ukafungwa. Yangu haikuwa imeandikwa popote.