Pango Lililogeuka Mchezo

Tarehe 9 Septemba 1972, chini ya vilima vya Kentucky, Marekani, watu sita walikuwa wakijikokota katika maji na tope. Taa ya kiongozi wao, John Wilcox, ikamulika chuma: reli ya kushikia watalii. Walikuwa wameingilia mapango ya Flint Ridge, na sasa walikuwa ndani ya Mammoth Cave. Mapango mawili yaliyohesabiwa kuwa mbalimbali yakawa pango moja, refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Mmoja wa sita hao alikuwa Patricia Crowther, mtunga programu za kompyuta. Kabla ya hapo, wembamba wa mwili wake ndio uliomwezesha kupenya ufa mdogo uliokuwa umewashinda wenzake, na njia ikafunguka.

Mumewe, Will, naye alikuwa mtunga programu, na naye alikuwa mtu wa mapango. Alifanya kazi Bolt Beranek and Newman huko Massachusetts, kampuni iliyojenga mitambo ya ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Vipimo vilivyotoka pangoni, yaani urefu wa kila kipande, mwelekeo wa dira na mwinuko, Will na Patricia waliviingiza kwenye kompyuta ili iwachoree ramani. Mizizi ya michezo ya kompyuta ya safari na mikasa, kwa maoni yangu, iko hapo: katika kazi ya watu waliotambaa gizani, wakapima, wakaandika.

Baadaye ndoa ilivunjika. Will akabaki na huzuni, na mabinti wawili waliokuwa wakija kumtembelea. Wakati huo alikuwa akicheza na rafiki zake Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka mwaka 1974, ambamo mmoja husimulia na wengine, kila mtu ndani ya mhusika wake, husema watakalofanya. Katika miaka ya 1975 na 1976 aliunganisha pango na mchezo huo. Kwa lugha ya FORTRAN, kwenye kompyuta kubwa aina ya PDP-10, aliandika mchezo usio na picha hata moja. Kompyuta inakueleza mahali ulipo, nawe unaiandikia neno moja au mawili: nenda kaskazini, chukua taa, fungua mlango. Alitaka mchezo usiomtisha mtu asiyejua kompyuta, ndiyo maana amri zake ni maneno ya kila siku.

Tuliokulia kwenye hadithi za jioni tunajua kwamba Sungura huponea chupuchupu, na sisi tunasikiliza tu. Hapa msimulizi anakugeukia. Wewe ndiwe uliyesimama mbele ya mlango wa nondo ardhini. Nyoka amekuzibia njia, na msimulizi hatakwambia kwamba ndege mdogo uliyempita nyuma ndiye awezaye kumfukuza. Ulimwona. Je, ulimchukua? Ndege huyo naye humwogopa mtu aliyeshika fimbo, kwa hiyo lazima uiweke chini kwanza. Unaweza kukesha hapo, na ukipata jibu, ni lako.

Kisha kuna vijia vilivyopindapinda ambavyo maelezo yake yanafanana neno kwa neno. Unatoka chumba kimoja unaingia kingine, na hujui kama umesogea. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilizunguka saa nzima. Dawa yake ni kudondosha kitu katika kila chumba, hapa funguo, pale chakula, mpaka vyumba vitofautiane. Nilijaza kurasa nne za daftari kwa mishale na miduara, nikafuta, nikachora upya. Hakuna aliyenifundisha kuchora ramani. Pango lenyewe lilinilazimisha. Mpaka leo naupima mchezo wowote wa aina hii kwa swali hilo moja: unaniachia njia niitafute?

Mchezo ulienea kutoka kompyuta hadi kompyuta. Don Woods, mwanafunzi wa Stanford, aliukuta, akamtafuta Crowther kwa barua pepe, akapata ruhusa, na mwaka 1977 akautoa ukiwa umepanuka, na hazina zaidi na mafumbo zaidi. Mwaka huohuo vijana wa MIT walianza kuandika mchezo wao, Zork. Roberta Williams aliucheza mchezo wa Crowther na Woods nyumbani, ukamnasa, na mwaka 1980 yeye na mumewe Ken wakatoa Mystery House wakitumia kompyuta ya Apple II, safari hii maneno yakiwa na picha.

Programu ya awali ya Crowther ilidhaniwa imepotea, hadi mwaka 2005 ilipopatikana katika nakala za kumbukumbu za Stanford. Mtafiti Dennis Jerz aliichambua, akashuka mwenyewe hadi pangoni, upande uitwao Bedquilt, na kukuta vyumba vya mchezo vikilingana na miamba. Watu wa mapango husimulia habari za mwenzao aliyekuwa ameucheza sana mchezo huo, akaingia Bedquilt mara ya kwanza na kujua njia.

Lakini katika pango hilo kuna mchoraji ramani aliyewatangulia wote, na jina lake halistahili kurukwa. Stephen Bishop alikuwa mtumwa aliyepelekwa Mammoth Cave mwaka 1838, kijana bado, awaongoze wageni. Alivuka shimo ambalo wengine waliliogopa, akaona mito na kumbi zisizokuwa na majina, akazipa majina. Mwaka 1842 alichora ramani ya pango kutoka kichwani, ikachapishwa ikiwa na jina lake. Aliachiwa huru mwaka 1856, akafariki mwaka uliofuata.

Mwaka 2023 Ken na Roberta Williams walilirudia pango la Crowther na Woods, wakalitoa kwa picha za kisasa ambamo unatembea na kutazama huku na huku. Na kule Kentucky, wapimaji bado wanashuka na dira na daftari. Wamekwisha kupita kilomita 670, na vijia bado vinaendelea.