Hatua za Binti Aingiaye Utawani



Mwaka 1918 Askofu Filippo Perlo, mmisionari wa Consolata, alianzisha huko Nyeri shirika la watawa Waafrika, Masista wa Maria Imakulata. Jambo hilo lilikuwa zito kwa wazazi wa Kikikuyu. Binti asiyeolewa hakuleta mahari. Tena hakuzaa mjukuu wa kurithi jina la nyanya yake. Kwa mzazi, hasara hiyo haikuwa ya mbuzi tu, bali ya jina la ukoo.

Lakini Kanisa halimfungi binti kwa siku moja. Kwanza huwa mwombaji, akitazamwa naye akitazama. Kisha huingia unovisi, usiopungua miezi 12, ajifunze sala, kazi na kanuni za shirika. Baadaye huweka nadhiri za muda: useja, ufukara na utii. Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, muda huo ni miaka 3 hadi 6, na waweza kuongezwa hata ukafika 9. Nadhiri za daima haziwekwi kabla binti hajatimiza miaka 21.

Novisi ana ruhusa kuondoka wakati wowote. Na aliyemaliza muda wa nadhiri zake aweza kurudi kwao. Wazee waijuao mahari yetu, isiyomalizwa kwa siku moja, wataielewa hekima hiyo: neno la maisha halitakiwi haraka. Basi binti akirudi, apokewe bila aibu. Akibaki, asihesabiwe kuwa amepotea.