Deni Lililotangulia Shamba

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya ofisa wa serikali hakuweza kumdai mahakamani. Wakoloni walisema wanamkinga mwananchi na madeni. Kwa mwenye duka huko Birongo, Nyaribari, eneo la Kisii, maana yake ilikuwa kwamba hakuna muuzaji wa jumla ambaye angethubutu kumpa shehena kubwa kwa mali kauli. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1960.

Na Nyaribari haikuwa maskini wa kutokopesheka. Chifu wake, Musa Nyandusi, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kupanda kahawa katika miaka ya 1930, marufuku ya Waafrika kulima kahawa ilipolegezwa Kisii na Meru. Kahawa ilizaa vyama vya ushirika, na ushirika ukaleta mkopo ambao mkulima mdogo angeuweza: chukua mbolea sasa, ukatwe malipo yakija. Dhamana ilikuwa zao lililo shambani.

Huko Borabu, ambako leo ni Kaunti ya Nyamira, mambo yalianza kinyume. Kuanzia mwaka 1962, katika mpango wa makazi wa ekari milioni moja, mashamba ya walowezi yaligawiwa familia za Wagusii. Aliyepata shamba alipata na deni: mkopo wa ardhi wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5. Alianza uhuru akidaiwa bei ya ardhi ambayo Mzungu aliondoka akiwa amelipwa. Dhuluma hiyo haijazungumzwa vya kutosha. Hata hivyo, mkulima huyo wa Borabu alikuwa na eneo la kufugia ng'ombe wa maziwa. Wa Birongo hakudaiwa ardhi, lakini kishamba chake kiligawanywa kila baba alipowarithisha wanawe, na hatimiliki ya kipande kama hicho haivutii benki.

Chai ndiyo iliyowaweka wote kwenye daftari moja. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya (KTDA) ilipoundwa mwaka 1964, mkulima wa Kisii na wa Nyamira walianza kupimiwa majani kwa kilo, kulipwa kila mwezi, kisha kungoja bonasi. Rekodi hiyo ya kilo ikawa ushahidi wa uwezo wa kulipa. Sacco za wakulima ziliitumia, na mwaka 2009 KTDA ikaanzisha Greenland Fedha kwa ajili ya kukopesha wakulima wake.

Benki zilikuwa na mteja mwingine: serikali. Mwaka 1993 riba ya hati fungani za muda mfupi za serikali ilipanda kupita asilimia 70. Benki gani ingepanda mlima wa Keumbu kumtafuta mkulima, ilhali Hazina inalipa hivyo? Simeon Nyachae, mwana wa Chifu Nyandusi na mbunge wa Nyaribari Chache, alipokuwa Waziri wa Fedha mwaka 1998 alitamka hadharani kwamba serikali imeelemewa na madeni. Mwaka uliofuata alihamishwa wizara, akajiuzulu.

Katika hesabu za taifa, mikopo ya ndani hujumlisha fedha ambazo benki zimeikopesha serikali na zile zilizokopeshwa wananchi. Jumla ikipanda, husemwa mikopo imekua. Mkulima wa Birongo anapaswa kuuliza ni sehemu gani iliyokua.