Dola 10, Siku 15

Dola 10. Hiyo ndiyo pesa ya juu kabisa ambayo wakili wa Marekani aliruhusiwa kumtoza mwanajeshi wa zamani aliyedai fidia ya ulemavu. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na nia ilikuwa njema: kuwakinga majeruhi dhidi ya mawakili wenye tamaa. Shida ni kwamba miaka ilisonga, bei ya kila kitu ikapanda, lakini hizo dola 10 zikakaa palepale hadi mwaka 1988. Sasa ni wakili gani atakesha na faili lako kwa pesa ya chakula cha mchana?

Na hata ungempata, angekupeleka wapi? Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeporomoka, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kubana matumizi iliyowafungia wanajeshi hawa milango ya mahakama. Idara inayowashughulikia ikikataa dai lako, ulikata rufaa kwa bodi iliyo ndani ya idara hiyohiyo. Bodi nayo ikikataa, basi, kwisha maneno. Kesi ya ngedere imepelekewa nyani.

Kinachonishangaza ni kwamba mfumo huo ulijiona rafiki wa mwanajeshi. Serikali ilisema hivi: afisa anayepokea dai yuko hapo kumsaidia mwenye dai, kwa hivyo wakili wa nini? Mwaka 1985 hoja hiyo ilishinda katika Mahakama ya Juu. Miongoni mwa walioshtaki walikuwa wanajeshi waliokumbwa na mionzi ya mabomu ya nyuklia. Hebu fikiria: unatakiwa uthibitishe, bila wakili wa kulipwa, kwamba ugonjwa ulio nao uzeeni ulitokana na mlipuko ulioushuhudia ujanani. Si mchezo.

Waliorudi kutoka Vietnam nao waligonga ukuta uleule walipodai fidia kwa sababu ya Agent Orange, kemikali ya kuua mimea iliyonyunyizwa misituni huko. Hawakunyamaza. Novemba 1988, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyounda mahakama maalumu ya rufaa, nje ya idara. Mwaka 1990, katika kesi ya Gilbert, mahakama hiyo ilitilia mkazo kanuni ninayoipenda sana: ushahidi wa pande mbili ukilingana, anayeshinda ni mwanajeshi.

Lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, kuufikia ni jingine. David Henderson alihudumu jeshini wakati wa vita vya Korea, akaachishwa mwaka 1952 kwa sababu ya skizofrenia. Mwaka 2001 aliomba nyongeza ya kugharimia kutunzwa nyumbani. Akanyimwa. Alikuwa na siku 120 za kufika kwenye ile mahakama mpya. Akachelewa kwa siku 15. Alieleza kuwa ni ugonjwa uleule anaolipiwa fidia uliomchelewesha. Wapi! Rufaa ikatupwa nje.

Machi 2011, majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu walioisikiliza kesi hiyo walikubaliana kwamba siku hizo 120 si ukuta wa chuma. Henderson hakuisikia hukumu hiyo. Alikuwa amefariki mwaka 2010, na mjane wake ndiye aliyebaki na kesi.

Ndiyo maana sikubali rufaa iitwe usumbufu wa makaratasi. Sadaka ukinyimwa, unaondoka kimya. Haki ukinyimwa, unarudi na kuuliza: kwa nini? Iliwachukua watu waliopoteza afya vitani miaka 55, kuanzia 1933, kupata pa kuuliza swali hilo nje ya idara.

Tangu Februari 2019 kuna njia tatu za kuanzia: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie upya faili lilelile, au kwenda kwa bodi. Njia mbili za mwisho zina muda wa mwaka mmoja. Ya kwanza haifungwi, ila ukipitisha mwaka unaweza kupoteza malimbikizo ya nyuma.

Wapo Wakenya wanaovaa sare za jeshi la Marekani leo. Kama mmoja wao ni ndugu yako, na barua ya kumkatalia imefika, usianze na pole. Mwulize kwanza: imeandikwa tarehe gani?