Hisa za kampuni ndogo

Hisa za kampuni ndogo ni hisa za kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa lakini ambayo thamani yake yote ni ndogo ikilinganishwa na kampuni kubwa za soko hilohilo. Thamani hiyo hupatikana kwa kuzidisha idadi ya hisa zote zilizotolewa kwa bei ya hisa moja. Kampuni yenye hisa 10,000,000 zinazouzwa kwa shilingi 500 kila moja ina thamani ya shilingi bilioni 5. Hakuna mpaka mmoja unaokubalika duniani kote, na kampuni inayohesabiwa ndogo mjini New York ingeweza kuwa miongoni mwa kubwa kabisa jijini Dar es Salaam.

Tofauti yake na hisa za kampuni kubwa si ukubwa tu. Hisa hizi huwa na wanunuzi wachache, huweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa, na bei yake huweza kubadilika sana kwa habari moja tu.

Mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania, una mifano mizuri ya jambo hili. Kampuni kadhaa ndogo zimeuza hisa kwa matumaini ya kitu kilicho chini ya ardhi ya mkoa huo: mafuta na gesi katika bonde la Kilombero, na madini ya kinywe katika milima ya Mahenge. Hisa zenyewe hazikuuzwa Morogoro, bali Dar es Salaam na Australia.

Bei na ukwasi

Bei inayoonekana katika orodha ya soko ni bei ya biashara ya mwisho iliyofanyika. Kwa hisa inayouzwa kila siku, bei hiyo ni ya leo. Kwa hisa ya kampuni ndogo inaweza kuwa ya wiki iliyopita au ya miezi mingi nyuma, kwa sababu kama hakuna aliyenunua, tarakimu hubaki ilipokuwa.

Jambo hili huwapotosha wengi. Mstaafu mwenye hisa 2,000 zilizoandikwa shilingi 500 huhesabu kwamba ana shilingi 1,000,000. Anazo ikiwa tu yupo mtu wa kuzinunua zote kwa bei hiyo. Akipatikana mnunuzi wa hisa 100 tu, kwa shilingi 300, hesabu hiyo haina maana tena. Uwezo wa kugeuza hisa kuwa fedha taslimu haraka bila kushusha bei huitwa ukwasi, na ndio unaokosekana zaidi katika hisa za kampuni ndogo.

Soko la Hisa la Dar es Salaam

Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilipitishwa mwaka 1994, na kutokana nayo ikaundwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) liliundwa mwaka 1996 na kuanza biashara tarehe 15 Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani na hospitalini. TOL si kampuni kubwa, kwa hiyo inaweza kusemwa kwamba soko la Tanzania lilianza na hisa ya kampuni ndogo.

Mwaka 2013 DSE ilifungua Dirisha la Kukuza Ujasiriamali (EGM) kwa ajili ya kampuni changa ambazo hazikuweza kutimiza masharti ya dirisha kuu. Kampuni inayoingia EGM hailazimiki kuonyesha kwamba imepata faida miaka iliyopita, lakini lazima iwe na mshauri aliyeidhinishwa anayeisaidia kufuata kanuni na kutoa taarifa. Ya kwanza kuingia ilikuwa Maendeleo Bank, iliyoanzishwa kwa juhudi za Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Baadaye ziliingia Swala, Mkombozi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki, Mwalimu Commercial Bank, Yetu Microfinance na benki ya wananchi ya Mufindi.

Orodha hiyo inaonyesha kwamba dirisha hili lilijaa benki za watu wanaofahamiana tayari, yaani waumini, walimu na wanavikundi. Mwalimu Commercial Bank iliuza hisa zake mwaka 2015 kwa shilingi 500, na ikajikuta na wanahisa zaidi ya 200,000, wengi wao walimu wa shule za msingi na sekondari kote nchini. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa hisa ya kwanza maishani. Walinunua kwa sababu ya jina na umoja wa kazi kuliko kwa kusoma waraka wa matarajio. Jambo hilo si la ajabu, lakini limeleta hali ya pekee: wanahisa ni wengi mno, na wanaouza na kununua kila wiki ni wachache.

Kitalu cha Kilosa-Kilombero

Mwezi Februari 2012 Serikali ya Tanzania ilisaini mikataba ya utafutaji wa mafuta na gesi katika vitalu vya Pangani na Kilosa-Kilombero. Wabia walikuwa Swala Oil and Gas (Tanzania), iliyosimamia kazi, na Otto Energy ya Australia. Mwaka uliofuata ulifanyika upimaji wa miamba kwa mitetemo. Mwaka huohuo wa 2013 kampuni mama, Swala Energy, iliorodheshwa katika soko la hisa la Australia.

Katikati ya mwaka 2014 kampuni ya Tanzania iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 500 kila moja, kisha ikaorodheshwa EGM mwezi Agosti. Ilikuwa kampuni ya kwanza ya utafutaji wa mafuta na gesi katika DSE. Wakati huo gesi ya Mtwara ilikuwa ikizungumzwa kila mahali, na maombi ya hisa yalizidi kiasi kilichotarajiwa.

Mnunuzi wa hisa ile alinunua nini hasa? Hakununua mafuta, kwa maana hayakuwa yamepatikana. Alinunua sehemu ya haki ya kuyatafuta. Upimaji wa mitetemo huonyesha umbo la miamba ambamo mafuta yangeweza kukaa, lakini kuchimba kisima tu ndiko kunakothibitisha kama yamo. Katika maeneo mapya visima vingi hutoka vitupu. Kisima kilichopangwa katika bonde la Kilombero, kilichopewa jina la Kito-1, kiliahirishwa mara kwa mara. Bonde hilo ni ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Ramsar, na mto wake ni tawi kubwa la Rufiji, hivyo suala la mazingira lilikuwa zito. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani nayo ilianza kuporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa, na kufikia mwanzoni mwa 2016 ilikuwa chini ya dola 30. Kampuni ndogo za utafutaji duniani kote zilikosa wafadhili.

Kwa hiyo hisa moja ilibeba hatari nne kwa pamoja: ya kijiolojia, ya mazingira, ya bei ya dunia na ya ukwasi. Tatu za kwanza zilikuwa zikijadiliwa hata magazetini. Ya nne mwanahisa huijua siku anapotaka kuuza.

Kinywe cha Mahenge

Kinywe ni aina ya kaboni inayotumika katika kalamu za risasi, vyombo vya kuyeyushia chuma na, zaidi siku hizi, betri za magari ya umeme. Wilaya ya Ulanga, kusini mwa mkoa wa Morogoro, ina akiba kubwa ya madini hayo. Kampuni mbili za Australia zinajulikana zaidi huko: Black Rock Mining yenye mradi wa Mahenge, na EcoGraf, zamani Kibaran Resources, yenye mradi wa Epanko. Zote mbili zimeorodheshwa Australia, na hisa zao zimekuwa zikiuzwa kwa senti za dola ya nchi hiyo.

Kampuni ya namna hii haina mapato ya mauzo. Huishi kwa kutoa hisa mpya kila fedha zinapokwisha. Kila toleo jipya hupunguza sehemu ya mwanahisa wa zamani, kama sinia la pilau lililopikwa kwa watu 10 wakaongezeka wengine 5. Kampuni inaweza kukua na mwanahisa akabaki palepale.

Bei ya hisa hizo hufuata habari. Mwezi Desemba 2021 Black Rock ilisaini makubaliano na Serikali ya Tanzania, ikaundwa kampuni ya Faru Graphite ambamo Serikali ina asilimia 16 bila kulipia, kama sheria ya madini ilivyotaka baada ya marekebisho ya 2017. EcoGraf ilisaini makubaliano kama hayo mwaka 2023. Mwezi Oktoba mwaka huohuo China, mzalishaji mkuu wa kinywe duniani, ilitangaza kudhibiti uuzaji wake nje, na wawekezaji wakazigeukia akiba za Afrika Mashariki. Habari nyingine ni za kawaida zaidi: mkopo umeidhinishwa, mnunuzi amepatikana, fidia ya nyumba na mashamba imelipwa, mzigo utasafirishwa kwa barabara hadi Ifakara na kupakiwa reli ya TAZARA.

Katika lugha ya taarifa za soko, fidia ya wananchi ni hatua moja kati ya nyingi. Kwa familia ya Mahenge ni kuhama nyumba na kuacha makaburi ya wazee. Tukio ni lilelile, lakini upande mmoja hulipima kwa senti za hisa, na upande wa pili kwa miaka ya kungoja.

Kuuza hisa za kuazima

Katika masoko mengine mtu anaweza kupata faida bei inaposhuka. Huazima hisa kwa mwenye nazo, huziuza, hungoja bei ishuke, kisha huzinunua tena na kuzirudisha. Kiasi alichouza na ambacho bado hajakirudisha ndicho deni lake la hisa.

Watu wa vijijini hawangeona ugeni katika jambo hili. Tuseme mkulima wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru, anaazima gunia la mahindi mwezi Machi wakati chakula ni adimu, analiuza kwa shilingi 100,000, na kuahidi kurudisha gunia baada ya mavuno. Mwezi Julai gunia likiwa shilingi 60,000, ananunua, anarudisha na kubaki na 40,000. Mvua ikikataa na gunia likafika 160,000, deni la gunia liko palepale, na hasara ni 60,000.

Hapo ndipo hatari ilipo. Anayenunua hisa ya shilingi 200 hawezi kupoteza zaidi ya 200. Aliyeiuza kwa kuazima anaweza kupoteza bila kikomo, maana bei haina dari. Katika kampuni ndogo ni vibaya zaidi, kwa sababu hisa za kununua ili kulipa deni huwa chache. Wadeni wakikimbilia kununua kwa pamoja, bei huruka, kama ilivyotokea kwa GameStop nchini Marekani mwezi Januari 2021.

Mbinu hii ni ya kale. Mwaka 1609 Isaac Le Maire na wenzake waliitumia mjini Amsterdam dhidi ya hisa za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, na mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku kuuza hisa ambazo muuzaji hana. Australia inaruhusu kuuza hisa zilizoazimwa kweli, na tangu 2010 mamlaka yake hutangaza jumla ya madeni hayo kwa kila kampuni, hivyo msomaji yeyote anaweza kuona ni wangapi wanaotabiri bei itashuka. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2017. Katika DSE, biashara hii si sehemu ya shughuli za kawaida.

Wapo wanaowaona wauzaji hawa kama wachawi wa soko. Hata hivyo wana kazi moja: hutafuta kasoro ambazo kampuni isingependa kuzitaja. Pasipo wao, mwenye mashaka anaweza tu kutokununua, na kutokununua hakuonekani katika orodha ya bei.

Habari za kampuni

Kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kutangaza jambo lolote linaloweza kubadili bei, na sheria ya Tanzania inakataza mwenye habari za ndani kuzitumia kununua au kuuza kabla umma haujajua. Benki huchapisha hesabu zake magazetini kila robo mwaka. Kurasa hizo za tarakimu ndogo hurukwa na wasomaji wengi, ilhali ndizo zinazoonyesha mtaji na mikopo isiyolipika.

Mfano wa Yetu Microfinance unaonyesha uzito wake. Benki hiyo iliorodheshwa EGM mwaka 2016. Tarehe 12 Desemba 2022 Benki Kuu ya Tanzania iliiweka chini ya usimamizi wake kwa sababu ya upungufu wa ukwasi na mtaji, na mwaka 2023 mali na madeni yake yalihamishiwa NMB. Wenye akiba walihamia benki nyingine. Mwanahisa, kisheria, husimama mwisho wa mstari, nyuma ya wenye akiba na wadai wote.

Kwa kampuni za madini na mafuta, neno la kuangaliwa ni lile linaloeleza hatua: dalili, makadirio, akiba iliyothibitishwa, upembuzi yakinifu, fedha za ujenzi. Baada ya udanganyifu wa Bre-X ya Kanada, iliyodai dhahabu isiyokuwepo nchini Indonesia hadi ikaanguka mwaka 1997, masharti ya kuripoti madini yalikazwa. Nchini Australia taarifa hizo hufuata kanuni za JORC, na lazima zibebe jina la mtaalamu anayeziwajibikia.

Ununuzi kutoka Morogoro

Mkazi wa Morogoro halazimiki tena kusafiri hadi Dar es Salaam ili kununua hisa za DSE. Anaweza kumtumia dalali aliyeidhinishwa, au programu ya simu ya Hisa Kiganjani. DSE pia huendesha mashindano ya uwekezaji kwa wanafunzi wa vyuo, ambamo fedha ni za kubuni lakini bei ni za kweli. Hisa za kampuni za kinywe cha Mahenge hazimo katika programu hiyo, kwa kuwa hazijaorodheshwa Dar es Salaam. Mkazi wa Ulanga anayezitaka huhitaji dalali anayefanya biashara katika soko la Australia.